Kosa Litatafutwa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliponiacha. Mlioingia leo, karibuni mkae, nitawasogezea kiti kwa maneno machache.

Mimi ni mjane, na ni fundi wa kuchomelea vyuma. Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili: karakana iliyo kando ya barabara, na mama yake mzazi. Karakana haijawahi kunisumbua.

Afisa wa eneo letu tunamwita Kutoka Juu. Akitaka kuku wako, ni agizo kutoka juu. Akitaka umpishe njiani, ni agizo kutoka juu. Siku akipiga chafya, nadhani hata hiyo huwa imeidhinishwa kwanza.

Huyo ndiye aliyenipa kazi ya kutengeneza mlango wa chuma wa chumba kilicho nyuma ya ofisi yake. "Stoo ya mafagio," aliniambia. "Mali ya umma inaibiwa, fundi." Nikamtengenezea mlango wa kueleweka, chini bati, juu nondo. Baadaye nikasikia kwamba mafagio yamepata mwenzao, kwamba mle ndani amefungiwa binadamu.

Basi kwenye mkutano wa hadhara nikanyoosha mkono. Nikauliza ni sheria gani inayomruhusu afisa kuwafungia wananchi stoo. Jibu sikupata. Nilipata askari wawili, mmoja huku, mwingine huku, wakanipitisha kwenye mlango wangu mwenyewe na kupiga kufuli.

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Sasa tuingie ndani.

*

Ndani nilimkuta muuza maziwa. Alikuwa ameketi juu ya debe lake tupu, katikati ya mafagio, kama mfalme aliyepinduliwa.

"Dada," aliniuliza, "wewe ndiye uliyetengeneza mlango huu?"

"Ni mimi."

"Mungu akusamehe. Nimeusukuma, nimeuvuta, nimeubembeleza. Hata kulia haulii!"

"Nimeutia grisi," nilisema. Na aibu yangu niiseme tu, nilijisikia fahari.

Muuza maziwa akacheka. Alicheka mpaka debe likagonga sakafu. Nikamwambia anyamaze, asije akatuletea balaa.

"Balaa gani tena, dada? Mimi kilichonileta humu ni kicheko."

Akanisimulia. Bosi wa Kutoka Juu alikuja kutoka makao makuu kuzindua bomba la maji la wananchi. Utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa, watu wakapiga makofi. Bosi akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa upepo. Halafu akatoka buibui, akauangalia umati, akarudi zake ndani.

"Wenzangu wote walijing'ata midomo," muuza maziwa alisema. "Mimi yangu ikafunguka. Jioni yake nikafuatwa."

"Walikwambia kosa lako?"

"Nimeuliza mpaka nimechoka. Wananiambia ninyamaze, nitalijua mbele ya safari."

Usiku ule tulilala juu ya mafagio. Kulipokucha tu, viatu vya Kutoka Juu vikasikika. Yule mtu hatembei, anakanyaga. Akasimama nje ya nondo, tumbo mbele, askari mlinzi nyuma.

"Fundi," alisema, "umelala vizuri?"

"Kama fagio, mheshimiwa."

"Mdomo huo ndio uliokuponza. Lakini mimi ni mlezi. Keshokutwa tuna mkutano. Utapiga magoti mbele ya watu, utasema ulitumwa na wasiopenda maendeleo, utaomba radhi. Utakwenda nyumbani."

"Na mtu akikamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Langu ni lipi?"

Akamgeukia askari, uso umemkunjamana kana kwamba nimemtukania mama. "Umesikia? Haki! Nani anawafundisha hawa maneno haya?"

"Kosa langu, mheshimiwa."

"Kosa litatafutwa," alisema. "Ofisi hii haijawahi kupungukiwa na makosa."

Akaondoka akijichekea mwenyewe. Mimi nilibaki nimezishika nondo zangu, nina hasira ya kuzitafuna. Mtu mzima, ana ofisi, ana muhuri, ana bendera nje, na bado kazi yake ni kutafuta makosa ya watu ambao ameshawafunga. Angekuwa mwanafunzi wangu wa karakana ningemrudisha kwao asubuhi ya kwanza.

*

Haukupita muda mrefu akaja mama mkwe.

Nilimtambua kabla sijamwona, kwa jinsi alivyokuwa akimfokea askari mlinzi. "Chupa ya chai unaikagua nini? Unadhani nimetia tingatinga humu?" Askari akampisha. Yule mama hata chui angempisha.

Akanipitishia kikombe katikati ya nondo. Hakunipa pole.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilimwambia mwanangu, oa mwanamke anayeshona, oa hata anayepika maandazi. Akaniletea wewe, unavaa buti na kuchezea moto. Haya, sasa buti zimekufikisha wapi?"

Muuza maziwa akaugeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Mama, umekuja kunisema au kuna jambo?"

Hapo akaifunga chupa, akaifungua, akaifunga tena. Nikaogopa, maana mama mkwe hahangaiki ovyo.

"Wameipaka karakana rangi nyekundu," alisema. "Alama kubwa, ukutani. Wanasema imejengwa mahali pa wazi. Tingatinga linakuja leo mchana."

"Leo?"

"Leo hii. Na mahali pa wazi penyewe, shemeji yake Kutoka Juu ameshakuja kupima kwa kamba. Anataka kuosha magari pale."

Chai ikanimwagikia mkononi, wala sikuisikia moto wake.

"Mkamwana, nisikilize," mama mkwe alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tunakula pale. Mimi dawa zangu zinatoka pale. Jina la mwanangu limebaki pale tu, juu ya mlango. Mtume askari, mwambie Kutoka Juu uko tayari kupiga magoti. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Na nikishaubusu, kesho nitaambiwa nibusu nini?"

"Kesho ina Mungu wake. Leo ina tingatinga!"

Sikuweza kumtazama usoni. Nikainamisha macho, na macho ya fundi yakiinama huangukia kazi yake. Yakaangukia kwenye bawaba.

Nikaziangalia. Nikaziangalia tena. Halafu mimi nikaanza kucheka, na safari hii muuza maziwa ndiye aliyeshtuka.

"Dada, vipi? Umechanganyikiwa?"

"Kaka, ukitengeneza mlango, unamtengenezea unayemwogopa. Stoo unamwogopa mwizi wa nje. Kwa hiyo bawaba unaziweka wapi?"

"Mimi nauza maziwa, dada."

"Ndani! Ndani, asizifikie akazikata. Jela ndiyo unaweka bawaba nje, kwa sababu unayemwogopa yuko ndani. Huyu mtu alinidanganya kwamba anataka stoo. Basi na mimi nikamtengenezea stoo!"

Zilikuwa pale mbele ya pua zetu, bawaba zote, pini zake zimelala kwenye grisi. Mlango mzima ulikuwa umefungwa kwa wale walio nje tu. Muuza maziwa alikuwa amezipa mgongo siku zote hizo akiusukuma upande wa kufuli.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "nenda mbele kamgombeze askari."

"Kwa kosa gani?"

"Litatafutwa."

Alinitazama. Halafu akaenda, na ugomvi wake ukaanza kusikika hata kabla hajafika kwenye kona.

Kwenye pembe kulikuwa na reki iliyovunjika. Nikang'oa jino lake moja, nikavua buti langu lenye chuma kidoleni, likawa nyundo. Pini ya chini ikapanda kwa kugongwa kidogo tu. Ya katikati ikafuata. Ya juu ilitaka ubishi, nikaitukana, ikakubali. Tukauvuta mlango kwa upande wa bawaba, komeo likachomoka kwenye tundu lake, tukaulaza juu ya mafagio. Kufuli la Kutoka Juu lilikuwa bado linaning'inia pale pale, limefungwa barabara.

Muuza maziwa akanyanyua debe lake. "Dada, ahsante. Mimi napita uani, narukia kwa jirani."

Nikamshika shati. "Huendi popote."

"Unanifunga tena wewe?"

"Kaka, mpaka sasa hatuna kosa. Tukiruka ukuta tutakuwa tumempa. Atatuita watoro, na watu watamwamini. Hatutoroki. Tunakwenda mbele, tunakaa kwenye benchi la wananchi, tunasubiri zamu yetu kama watu wengine. Zamu ikifika, tunauliza tumekosa nini."

"Na karakana yako?"

Hilo lilinichoma. Nilitamani kukimbia hadi barabarani nikajilaze mbele ya tingatinga. Lakini kukimbia ndiko alikokuwa anakusubiri.

"Karakana tutaiuliza hapo hapo," nilisema.

*

Benchi la ofisi ya Kutoka Juu halikosi watu. Kuna waliokuja kuomba barua, kuna waliokuja kuuliza barua waliyoiomba zamani. Tulipoketi, mimi na buti langu moja mguuni na jingine mkononi, wakasogea kutupa nafasi, kisha wakagundua ni sisi, wakasogea zaidi.

Askari mlinzi alikuwa bado anapokea maneno ya mama mkwe. Alipogeuka na kutuona, filimbi ikamdondoka mdomoni.

"Nyinyi... mmetokaje?"

"Vuta kiti, kaka, usije ukaanguka," nilimwambia. "Mwambie mheshimiwa tuna shida."

Hakuwa na haja ya kumwambia. Kutoka Juu alikwishatoka mwenyewe, kalamu sikioni.

"Nani amewafungulia hawa?"

"Hakuna, mheshimiwa. Kufuli lako liko salama, nenda kaangalie."

"Mmetoroka!"

"Mtoro gani anakuja kukaa kwenye benchi la aliyemtoroka?"

Mtu mmoja mwishoni mwa benchi akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kuzuia kicheko. Kutoka Juu akavimba shingo.

"Nasema mmetoroka! Ni kosa kubwa!"

"Hapo sasa umetusaidia," nilisema, nikasimama ili wa nyuma nao wanisikie. "Tumetoroka wapi, mheshimiwa? Pataje, wananchi hapa wasikie. Ukisema tumetoroka jela, watataka kujua nani alikupa jela. Ukisema tumetoroka stoo, basi tupe adhabu ya mafagio."

Kicheko kilianza na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto, kikashika benchi zima. Watu waliokuwa wamekaa pale na woga wao tangu asubuhi walicheka mpaka wakashikana mabega. Kutoka Juu alifungua mdomo, akaufunga. Agizo kutoka juu lilikuwa halijafika.

Na hapo hapo, ndugu zangu, Juu mwenyewe akafika.

Gari jeusi lilisimama karibu kabisa na ngazi. Dereva akazunguka mbio kufungua mlango, akashuka mama mmoja wa makamo, mtanashati, mkoba mkono mmoja, simu mkono mwingine. Muuza maziwa akaninong'oneza, "Ndiye yule. Ndiye wa bomba."

Kutoka Juu akakunjika kiuno mpaka kalamu ikamwanguka. Tumbo lote lile sijui alilificha wapi.

"Mbona watu wanacheka?" yule mama aliuliza.

Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamweleza yote pale pale, stoo, mlango, kosa linalotafutwa, alama nyekundu, shemeji na kamba yake. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kwa upole, "Twende nikaone."

Tukaenda, na benchi zima likatufuata. Mama mkwe alitaka kuja nasi, lakini nilimwona Juu akimwinamia askari sikioni, na askari akamchukua mama mkwe na mkokoteni wa ofisi, wakaelekea barabarani. Nilidhani wanakwenda kulizuia tingatinga.

Juu aliuangalia mlango uliolala juu ya mafagio. Akachutama, suti na yote, akagusa bawaba kwa kidole.

"Umewafungia watu chumba cha namna hii?" alimuuliza Kutoka Juu.

"Mheshimiwa, lilikuwa agizo..."

"Nyamaza. Umeniaibisha."

Watu wakapiga makofi! Na mimi nikapiga, buti na kiganja. Nikasema moyoni, haki leo imekuja na dereva. Karibu nilie.

Juu akajifuta kidole, akanigeukia na tabasamu. "Fundi, kazi nzuri. Ile alama karakanani kwako itafutwa leo. Nikipiga simu moja tu, tingatinga linageuza. Uko huru, nenda zako, hakuna atakayekugusa."

"Ahsante sana, mheshimiwa."

"Ila huu mlango urudi mahali pake. Sasa, kabla sijaondoka. Na bawaba zikae nje."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Kwa ajili ya mafagio, mheshimiwa?"

"Kwa ajili ya mafagio," alisema. Lakini hakuwa anayatazama mafagio. Alikuwa anamtazama muuza maziwa, aliyesimama na debe lake kifuani. "Huyu bwana namkumbuka. Ana kicheko kizuri sana. Atakaa kidogo."

"Amekosa nini?"

"Fundi, nimekwambia wewe uko huru. Mbona unauliza mambo ya watu?"

Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Nikawaangalia wenzangu wa benchi, kila mmoja alikuwa amegundua kitu cha kutazama chini. Askari wawili walikwishamshika muuza maziwa mikono. Alinitazama mimi tu, wala hakuniomba chochote.

Kwa hiyo Kutoka Juu alikuwa mjinga tu. Huyu hakuwa mjinga. Kwake yeye, kosa la Kutoka Juu halikuwa kumfunga mtu bila sababu. Kosa lake lilikuwa kufunga vibaya.

Mkokoteni ukaingia uani. Juu yake ilikuwa imepakiwa mashine yangu ya kuchomelea, nyaya zake zikiburuta mavumbi. Nyuma yake alikuja mama mkwe, ameikumbatia kofia yangu ya kioo cheusi, ile ninayofunikia uso nikichomelea. Alikuwa anahema.

"Tingatinga limeshafika," aliniambia. "Limesimama mbele ya mlango, linanguruma. Dereva anasema anasubiri simu."

Juu akainua simu yake, kidole gumba juu ya kitufe. "Haya, mama, mpe kofia yake afanye kazi. Akiwasha mashine, napiga."

Mama mkwe alikuwa amenibembeleza asubuhi nzima nipige magoti. Nilijua atakachofanya. Nikanyoosha mkono niipokee kofia, hata kabla sijajua mimi mwenyewe nitaifanyia nini.

Hakunipa. Alimtazama muuza maziwa katikati ya askari wake, akamtazama yule mheshimiwa na simu yake, kisha akaivuta kofia ile kifuani kwake na kunitazama mimi.

"Mwanangu," alisema mbele ya watu wote, "nikupe, nisikupe?"